Leseni Iliyopoteza Kumbukumbu

Barabara iliyoifanya Mbeya kuwa mji wa madereva haikujengwa kwa ajili ya Mbeya. Novemba 11, 1965 serikali ya walowezi ya Ian Smith kule Rhodesia ilijitangazia uhuru, na Zambia, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja na siku chache, ikajikuta mlango wake wa kusini umebanwa. Huko ndiko ilikopitisha shaba yake, na huko ndiko mafuta yake yalikotoka. Mlango mmoja uliobaki ulikuwa Tunduma: kutoka hapo Mbeya, Iringa, Morogoro, hadi bandari ya Dar es Salaam. Njia yenyewe ilikuwepo, kipande cha ile Barabara Kuu ya Kaskazini ambayo wakoloni waliiota ikitoka Cape hadi Cairo, lakini sehemu kubwa ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Mapipa ya mafuta yakapakiwa kwenye malori, malori yakaanza kupanda Kitonga na kushuka Mbalizi, na waandishi wa habari wa nje wakaibandika jina la njia ya jehanamu. Mwaka 1966 serikali za Tanzania na Zambia, pamoja na wabia wa Kiitaliano, zikaunda kampuni ya malori, Zambia-Tanzania Road Services, na malori ya Fiat yakawa sura ya kawaida katika vijiji ambavyo hapo awali vilihesabu magari kwa vidole.

Bomba la mafuta la TAZAMA likafuata mwaka 1968, lami mwanzoni mwa miaka ya 1970, kisha reli ya TAZARA iliyojengwa na Wachina kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Kwa hesabu za kwenye karatasi, reli ilitakiwa kuyapumzisha malori. Haikuwa hivyo. Reli ilipolegea malori yalirudi kwa wingi zaidi, safari hii si ya kampuni moja ya serikali bali ya matajiri wengi, mwenye lori moja na mwenye mia. Ndivyo udereva ulivyogeuka kuwa kazi inayotegemewa na familia nyingi za Uyole, Mbalizi, Makambako na Tunduma, kama vile kahawa inavyotegemewa Mbozi na ndizi Rungwe. Mkulima ana shamba, fundi ana boksi la spana, dereva ana leseni. Basi mjadala wowote kuhusu kumfungia dereva leseni, katika nyanda hizi, ni mjadala wa kumnyang'anya mtu jembe. Pengine hiyo ndiyo sababu kwa miaka hamsini tumekuwa tukizungushana: ama tunamtoza dereva hela ndogo na kumwacha aende zake, ama tunasubiri maiti ndipo tumnyang'anye kila kitu. Kati ya ncha hizo mbili hakuna ngazi. Hoja ya makala haya ni kwamba ngazi hiyo iliwahi kuwa na mwanzo wake katika sheria zetu, ikapotea, na kupotea kwake ndiko kulikotufikisha kwenye adhabu za jumla zinazomwangukia mwema na mbaya kwa pamoja.

Tuanze na asili yake. Wazo la kumfungia mtu leseni lina umri karibu sawa na leseni yenyewe. Uingereza ilipotunga sheria yake ya magari ya mwaka 1903, ilimtaka kila dereva awe na leseni bila kumpima kama anajua kuendesha. Jaribio la lazima lilikuja zaidi ya miaka thelathini baadaye, mwaka 1935. Ukitafakari, ni jambo la ajabu: kwa kizazi kizima leseni haikuthibitisha ujuzi wowote. Ilikuwa na faida gani basi? Faida yake ilikuwa kuadhibu. Sheria hiyo hiyo ya 1903 iliipa mahakama uwezo wa kuisimamisha leseni, na zaidi ya hapo, uwezo wa kuamuru hukumu iandikwe kwenye leseni yenyewe, ili hakimu wa mji mwingine atakayeletewa dereva huyo aisome historia yake kabla ya kumhukumu. Leseni ilikuwa daftari la tabia. Ilibeba kumbukumbu ya dereva kutoka wilaya hadi wilaya, jambo lililohitajika sana kwa chombo ambacho, tofauti na punda au mkokoteni, kilimwezesha mkosaji kuwa mbali kabla jua halijazama.

Mtindo huo ulisafiri na utawala wa Kiingereza hadi Afrika Mashariki, ukapita kwenye sheria za barabarani za Tanganyika, na haukufa bendera ilipobadilika. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, ambayo pamoja na marekebisho mengi ndiyo mzizi wa utaratibu wa Tanzania Bara, iliirithi mantiki hiyo: mahakama inayomtia mtu hatiani kwa kosa la uendeshaji ina uwezo wa kufuta leseni, kumzuia mtu asiendeshe kwa muda, na kuagiza kosa liandikwe kwenye leseni. Angalia mpangilio huo ulivyokuwa na akili. Kuandikwa kosa ni onyo lenye kumbukumbu, kuzuiwa kwa muda ni maumivu yenye mwisho, na kufutiwa ni mwisho kabisa. Hatua tatu, na zote mkononi mwa hakimu anayesikiliza pande mbili. Sheria haikuwa kamilifu, lakini ngazi ilikuwepo.

Kilichoivunja ni urahisi. Sheria hiyo hiyo iliruhusu makosa ya barabarani yamalizwe bila kufika mahakamani: askari anamwandikia dereva notifikesheni, dereva anakubali kosa, analipa, safari inaendelea. Kwa nchi yenye mahakimu wachache na barabara ndefu ulikuwa uamuzi wa busara, na hakuna mwenye haki ya kuudhihaki. Anayekamatwa Igawa akielekea Tunduma na mzigo wa nyanya hawezi kulala siku tatu akimsubiri hakimu wa mahakama ya mwanzo arudi kutoka likizo. Lakini njia ya mkato ikageuka kuwa barabara kuu. Shilingi 30,000 kwa kosa, iwe taa ya nyuma imekufa au umelipita gari jingine kwenye kona ya mlima usiyoona mbele; ukishalipa, umetakata. Mahakama, ambayo ndiyo iliyokuwa na kalamu ya kuandika kwenye leseni, ikabaki na mashauri ya vifo na majeraha. Kesi zile ndogo, ambazo zingetuonyesha dereva anayeelekea kwenye kifo, zilihamia pembezoni mwa barabara, na huko hakuna anayeandika historia.

Kisha ikaja teknolojia, na hapa kuna kejeli ambayo ingemfurahisha mtunga vichekesho. Mwaka 2010 Mamlaka ya Mapato ilianza kutoa leseni mpya ya kadi, yenye picha na alama za vidole za mwenyewe, na kuzifunga leseni nyingi za karatasi zilizopatikana kwa njia za kichochoroni. Ilikuwa hatua kubwa. Baadaye mashine za kielektroniki zikachukua nafasi ya vitabu vya risiti, na leo mtu yeyote mwenye simu anaweza kuingiza namba ya gari au ya leseni katika mfumo wa polisi na kuona kama anadaiwa. Kwa maneno mengine, serikali sasa inayo kumbukumbu ambayo hakimu wa 1903 asingethubutu kuiota. Lakini inakumbuka nini? Inakumbuka deni. Dereva aliyetozwa mara kumi na mbili katika mwaka mmoja kwa mwendo kasi, akalipa zote, machoni pa mfumo ni raia mwema kuliko aliyetozwa mara moja kwa kutofunga mkanda na bado hajalipa. Huyu wa pili atazuiwa kwenye kizuizi cha barabarani. Wa kwanza atapungiwa mkono. Hata namba inayoulizwa mara nyingi ni ya gari, na gari la biashara lina madereva wengi: mwenyewe, msaidizi wake, na deiwaka anayelishika siku mbili wakati mwenyewe yuko msibani.

Jamii isiyoweza kumtambua mkosaji mmoja mmoja huishia kuwaadhibu wote. Historia ya usalama barabarani Tanzania tangu miaka ya 1990 inaweza kusomwa kama mfululizo wa adhabu za namna hiyo. Mabasi ya abiria yalizuiwa kutembea usiku, marufuku iliyodumu kizazi kizima hadi Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipotangaza bungeni mwaka 2023 kwamba inaondolewa. Vidhibiti mwendo vikaamriwa. Sheria ikaweka kilomita 80 kwa saa kwa mabasi na malori na 50 kwenye makazi, kisha tochi za kupimia mwendo zikapelekwa kila penye kibao cha hamsini. Sisemi hatua hizo hazikuwa na faida. Kuzuia safari za usiku bila shaka kuliokoa watu, maana dereva asiye barabarani hawezi kusinzia. Lakini zote zina tabia moja: hazimjui dereva. Aliyeendesha miaka ishirini bila mkwaruzo na aliyeanza juzi akiwa tayari ana roho ya kamari walifungiwa usiku mmoja na kufunguliwa siku moja.

Mfano ulio wazi kuliko yote ulianzia Nyanda za Juu Kusini. Machi 11, 2015, katika eneo la Changarawe, Mafinga, basi lililokuwa likitoka Mbeya kwenda Dar es Salaam liligongana na lori, kontena likaliangukia basi, na watu zaidi ya arobaini wakafa. Nchi ililia. Wiki zilizofuata zilikuwa na ajali nyingine, na hasira ya umma ikadai jambo lifanyike. Ndani ya hali hiyo likaja sharti kwamba dereva wa magari ya abiria na mizigo arudi darasani kila anapohuisha leseni, ambayo wakati huo ilidumu miaka mitatu. Aprili 10, 2015 madereva wakagoma. Kituo cha Ubungo kikajaa abiria waliokwama, mikoani mabasi yakalala, na siku hiyo hiyo Waziri wa Kazi, Gaudensia Kabaka, akasimama mbele ya madereva kuwatangazia kwamba sharti hilo limeondolewa. Mwezi Mei wakagoma tena, safari hii wakisisitiza jambo lililokuwa chini ya yote: hawana mikataba ya ajira.

Wengi waliusoma mgomo ule kama ukaidi wa watu wasiotaka shule. Mimi nausoma kama hoja sahihi iliyotolewa kwa njia ya kuumiza. Madereva hawakusema kwamba hakuna dereva mbaya. Wao ndio wanaowajua kwa majina. Walikataa kanuni ya samaki mmoja akioza wote wameoza. Kama leseni ingekuwa na kumbukumbu, serikali ingeweza kusema: madereva hawa mia tatu, kwa rekodi zao, warudi darasani kwa gharama zao, wengine endeleeni. Nani angegomea hilo? Mwenye rekodi safi angekuwa wa kwanza kushangilia, kwa sababu mwenzake mwenye pupa ndiye anayemharibia kazi, anayemlazimisha kukimbizana naye ili tajiri asiulize kwa nini basi la fulani limefika saa moja mapema. Lakini rekodi haikuwepo, au ilikuwepo kama deni tu, kwa hiyo wote wakatakiwa kwenda, wote wakakataa, na mwishowe hakuna aliyekwenda.

Miaka mitatu baadaye zamu ikawa ya Mbeya yenyewe. Mwaka 2018 miteremko inayouzunguka mji ilimeza watu mfululizo. Ajali ya Julai mosi karibu na Mbalizi, ambapo lori liliyaparamia magari mengine, peke yake iliua takriban watu 20. Kangi Lugola, aliyekuwa ameteuliwa Waziri wa Mambo ya Ndani siku zile zile, alitangaza kulivunja Baraza la Taifa la Usalama Barabarani. Safari hii adhabu ya jumla haikuwaangukia madereva, iliwaangukia wajumbe wa kamati. Ni vigumu kuona jinsi kulivunja baraza kunavyogusa breki za lori lililo juu ya mteremko wa Iwambi, ila kunaeleweka: kiongozi ana hasira, ana mamlaka, na hana chombo cha kati. Ana nyundo na ana kibiriti. Bisibisi hana.

Chombo hicho cha kati kingekuwaje? Nchi nyingine zimekijenga juu ya ile ile kalamu ya 1903. Uingereza mwaka 1962 iliamua kwamba dereva mwenye makosa matatu yaliyoandikwa ndani ya miaka mitatu anafungiwa miezi sita, na tangu 1982 ikahamia kwenye nukta zinazoandikwa kwa kila kosa, kumi na mbili zikitimia unafungiwa. Ujerumani ilianza nukta zake mwaka 1974, na mwaka 2014 ikapunguza kiwango cha kufutiwa leseni kutoka nukta kumi na nane hadi nane huku ikiyaondoa makosa yasiyohusiana na usalama. Marekebisho hayo ya Ujerumani ndiyo yenye somo kwetu: nukta zikitolewa kwa kila kitu, hazimaanishi kitu. Stika iliyobanduka isiingie. Kibali kilichoisha muda kilipiwe faini na yaishe. Kwenye kumbukumbu yaingie yale yanayoua: mwendo, kuovateki kwenye mstari usiokatika, ulevi, kuendesha saa nyingi bila kupumzika, kushusha mlima gari likiwa halina gia ili kuokoa mafuta. Hoja ya nukta si ngeni hata Tanzania, imekuwa ikirudi kila baada ya msiba mkubwa. Tunachokosa ni kukubaliana ngazi ziwe za namna gani.

Kwangu mimi ngazi ya kwanza iwe fupi na ya hakika. Uzito wa adhabu unaogopwa mara moja tu, siku unapotangazwa. Uhakika unaogopwa kila siku. Dereva wa haisi kati ya Uyole na Mbalizi anayejua kwamba kosa la tatu la mwendo ndani ya miaka miwili linamweka nyumbani siku kumi na nne, bila mjadala na bila simu kwa mjomba, atapunguza mwendo kuliko anayetishiwa miaka mitatu ambayo hajawahi kumwona mtu akiitumikia. Siku kumi na nne zinauma. Hesabu ya tajiri haisubiri, na deiwaka akipendeza zaidi anaweza kubaki na gari. Lakini siku kumi na nne haziui familia, na hakimu au kamanda hatajisikia vibaya kuzitekeleza. Adhabu inayomwogopesha hata anayeitoa haitolewi. Hilo ndilo lililotokea kwa vifungu vikali vya sheria yetu, vikabaki vinang'aa kitabuni.

Ngazi ya pili iko tayari mkononi mwetu na ni ajabu kwamba haitumiki. Leseni ya Tanzania imegawanywa kwa madaraja: C ni ya mabasi ya abiria 30 na zaidi, C1 ya abiria 15 na kuendelea, C3 ya gari lisilozidi abiria wanne, E inagusa malori, D ni ya magari binafsi. Mtu hapandi daraja C moja kwa moja. Anatakiwa awe ameendesha madaraja ya chini kwa miaka kadhaa. Kama kuna kupanda, kwa nini kusiwe na kushuka? Dereva wa basi aliyefikisha kiwango cha nukta asifungiwe kila kitu. Ashushwe daraja, neno ambalo mashabiki wa timu ya soka ya Mbeya City hawahitaji kufafanuliwa. Kwa mwaka mmoja aendeshe teksi, asiendeshe abiria hamsini. Atapinga mtu kwamba aliye hatari kwenye basi ni hatari hata kwenye teksi. Ni kweli, lakini hatari si tabia tu, ni tabia ikizidishwa kwa tani na kwa idadi ya watu nyuma yake. Kumtoa mtu kwenye usukani wa tani thelathini na kumwachia gari dogo kunapunguza madhara yake kuliko kumfukuza kabisa, kisha kumkuta mwezi ujao yuko kwenye lori la usiku bila leseni kwa sababu watoto hawakujua kwamba baba amefungiwa. Baada ya mwaka apimwe upya, barabarani na kwenye mteremko halisi, ndipo apande. Kufutiwa kabisa kubaki kwa walioua kwa uzembe, walevi waliorudia na wanaokaidi kusimamishwa. Na uamuzi huo ubaki wa mahakama peke yake.

Kuna pingamizi zito kuliko yote, nalo husemwa vijiweni kuliko linavyosemwa kwenye semina: ukimpa trafiki silaha ya leseni, umempandishia bei. Ikiwa kosa la shilingi 30,000 lina namna yake ya kumalizwa, kosa la kufungiwa litamalizwa kwa ngapi? Siwezi kulipuuza. Ndiyo sababu inayonifanya nisitake askari wa barabarani awe na uamuzi wowote juu ya kusimamisha leseni. Kazi yake iishie kurekodi kosa. Hesabu ifanywe na mfumo, barua itoke makao makuu, na dereva awe na siku za kukata rufaa mbele ya hakimu kabla adhabu haijaanza. Rushwa haitakufa, itahamia kwenye kutorekodi. Lakini huko nako ina kikomo, kwa sababu ushahidi wa mwendo hautoki tena kwenye jicho la askari pekee. Mabasi yana vifaa vya kufuatilia safari ambavyo LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini iliyoirithi SUMATRA mwaka 2019, inavisoma, na dereva anatakiwa ajitambulishe kwa kitufe chake kabla ya kuondoka. Kifaa hakina mjomba. Tatizo ni kwamba taarifa hizo ziko LATRA, faini ziko polisi, leseni ziko Mamlaka ya Mapato, na hukumu ziko mahakamani: nyumba nne, kila moja na ufunguo wake. Afrika Kusini inapaswa kututia hofu hapa. Ilipitisha sheria ya nukta mwaka 1998, na zaidi ya miaka ishirini na mitano baadaye ilikuwa bado inaahirisha kuzianza nchi nzima. Walikuwa na sheria nzuri. Zile nyumba hazikuwa zimeunganishwa.

Pingamizi la pili linasema tunamlaumu dereva kwa dhambi ya barabara. Kuna ukweli. Njia iliyochorwa kwa malori ya Fiat ya 1966 inapitisha leo semitrela za nchi nne katikati ya soko la Mwanjelwa na shule za Uyole, na kazi ya njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29, imekuja huku makaburi yakiwa yameshajaa. Mlima ukikatwa vizuri unaokoa watu kuliko faini elfu. Lakini historia haiungi mkono kwamba barabara nzuri peke yake inatosha: njia ya jehanamu ilikuwa ya tope, na lami ilipoondoa tope ilileta mwendo. Mteremko wa Iwambi haujabadilika tangu enzi ya mapipa. Kilichobadilika ni uzito unaoushuka, wingi wake, na haraka ya anayeuendesha.

Na haraka hiyo si yake peke yake. Hapa naona kasoro kubwa ya adhabu zote tulizowahi kuwa nazo, pamoja na zile za 1973 nilizozisifu. Breki hazifeli kwa sababu dereva ni mkorofi. Zinafeli kwa sababu mtu fulani ofisini aliambiwa zimechoka akajibu peleka mzigo kwanza. Dereva asiye na mkataba hawezi kukataa safari, na hilo ndilo walilokuwa wakilisema Mei 2015 wakati wengine wote tukisikia honi tu. Kwa hiyo kila nukta inayomwangukia dereva wa gari la biashara iache kivuli kwenye leseni ya usafirishaji ya mwenye gari. Matajiri watatu wenye magari hamsini kila mmoja, mmoja wao akiwa na madereva wanaoshushwa madaraja kila mwezi, hawawezi kuendelea kuhesabiwa sawa. LATRA imezoea kufungia kampuni nzima baada ya ajali, tena kwa siku chache zenye kelele. Ingefaa zaidi ipunguze idadi ya magari taratibu kabla ya ajali, kwa hesabu ile ile ya madereva wake. Na mwenye gari asiyeweza kuonyesha mkataba wa dereva wake abebe nukta zote yeye, kana kwamba ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Utashangaa mikataba itakavyopatikana haraka.

Atakayeuliza ngazi hii ianzie kwa nani, jibu langu halihitaji utafiti. Kati ya Iringa na Mbeya, gari linaloongoza kwa kulipita foleni ya malori kwenye mstari usiokatika, taa zikiwaka mchana, mara nyingi si basi wala lori. Ni shangingi la serikali linalowahi kikao. Dereva wake ana mkataba, ana mshahara, ana posho ya safari, na kwa kawaida hana tochi inayomsimamisha. Leseni yake ni ya kadi ile ile, imetolewa na mamlaka ile ile. Daftari likifunguliwa, jina la kwanza kuandikwa liwe lake, na bosi aliyekaa kiti cha nyuma akimhimiza aongeze mwendo apelekewe nakala ya barua.